Ujumbe Ambao Haukufunguliwa

"Rudisha tena," alisema Inspekta Kavuo. "Nataka nione na macho yangu."

Sadrack hakusogea. Alikuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa kakao hapa Butembo, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mishono, na tangu asubuhi alikuwa akieleza jambo lile lile kwa maneno yale yale. Jana, Jumanne, alitaka kumtumia wakili wa ushirika ushahidi ulioandikwa. Akaanza kuandika jina la wakili, mashine ikamalizia jina jingine, naye akafinya bila kuangalia. Ushahidi ukaenda Beni kwa Vagheni, mnunuzi wa kakao, mtu yule yule ambaye ushahidi ulimtaja.

"Nilisharudisha, Inspectrice. Nilifinya rappel. Bote ba hapa bureau baliona."

"Bote ba hapa bureau baliona ukilia. Sikuulize kama ulilia. Nakuuliza kama ilirudi."

Kavuo alimwandikia anwani yake kwenye kipande cha karatasi. "Nitumie miye message. Andika kile unapenda."

Sadrack aliandika neno moja, akatuma. Simu ya Kavuo ililia mezani.

"Sasa irudishe, vile ulifanya jana."

Alitafuta, akafinya. Kompyuta ikamjibu kwa heshima kwamba ombi lake limetumwa. Simu ikalia mara ya pili. Kavuo aliigeuza ili kijana aone vizuri. Ujumbe wa kwanza ulikuwa pale pale, mzima kama yai. Juu yake palikuwa na ujumbe wa pili: katibu wa ushirika angependa kurudisha barua yake.

"Ya kwanza iko. Na hii ya pili inaniambia nifungue mbio ile ya kwanza, juu kuna kitu ndani yake kinakuogopesha," Kavuo alisema. "Ile rappel inafanya kazi kama mwenye kutuma na mwenye kupokea bako ndani ya nyumba moja, mashine moja inabatumikia. Mail ikishatoka inje ya nyumba, inapiga tu kelele."

"Basi sikujua."

"Hukujua. Lakini ulijua kuita bafanyakazi bote baje bakuone ukifinya."

"Mulitaka nifiche?" Sadrack alipandisha sauti. "Nikificha, mungesema niko mwizi. Nikisema, munasema napiga kelele. Nyinyi ba police, mais, munataka mutu afanye nini?"

Mhasibu na mpishi wa ofisi walikuwa wamesimama mlangoni. Kavuo aliufunga mlango kwa mguu.

Mwezi uliopita, huko Mabalako, Lévi, mlinzi wa mahali pa ushirika pa kuanikia kakao, alikutwa amekufa, na magunia aliyokuwa akiyalinda hayakuonekana. Mjane mmoja wa huko, Orpa Kaswera, ndiye aliyekuwa ameshona midomo ya magunia yale, kila moja kwa ukanda wa kitenge chekundu aliouchana kwa mikono yake. Siku chache baada ya mazishi aliingia kwenye depo ya Vagheni mjini Beni kuuliza bei, akayaona magunia yake yamepangwa ukutani, na vitambaa vyake vyekundu bado mdomoni. Hakupiga kelele. Aliishika kichwani namba ya lori lililosimama uani, akatoka, akapanda gari mpaka Butembo, akawaambia polisi. Kavuo alimwahidi kwamba jina lake halitasikika kabla ya siku ya kesi. Walilijua hakimu, wakili, Kavuo mwenyewe, na Sadrack, kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika ushahidi kwa mashine.

"Vagheni anafunguaka mail zake wapi?" Kavuo aliuliza. "Ku simu?"

Sadrack alisita. "Ile mutu hajue machine. Mail zake zote zinafikaka kwa bureautique ya Madame Tamar, kule Beni. Madame anafungua, anatosha ku papier, anaweka mu kasanduku. Kiisha Vagheni anatuma mutu kubeba."

Wafanyabiashara wengi walifanya hivyo. Kwao barua pepe haikuwa pepe hata kidogo. Ilikuwa karatasi iliyopitia mikononi mwa mtu fulani. Na kitu kinachopitia mikononi mwa mtu kinaweza kuzuiwa.

Kavuo alipiga simu. Mwanamke aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, kila siku kuna mutu ananipigia simu anasema ni police. Police ya kweli inaletaka uso," na akakata.

"Chukua funguo ya gari," Kavuo alimwambia Sadrack.

"Miye?"

"Weye. Ulituma peke yako. Tutarudisha pamoja."

*

Walipitia kwanza kwa hakimu kuchukua kibali, kisha kutoka Butembo mpaka Beni Sadrack aliendesha gari la ushirika, akifunga vioo kila lori lilipowapita kwenye mteremko wa Kabasha. Mara moja tu aliuliza: "Na kama alishasoma?"

"Basi kuna mama mumoja atakufa," Kavuo alisema. "Endesha."

Bureautique ya Tamar ilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, na ukuta mzima wa visanduku vya kartoni. Kila kisanduku kilikuwa na jina la mteja: parokia, kwaya, duka la misumari, shule, Vagheni. Nyuma ya nyumba jenereta lilikuwa linakohoa, likizima, likianza upya. Tamar mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Hakuinuka.

"Ni weye ulinipigia simu?"

"Ni miye. Inspekta Kavuo."

"Nilikuambia police ya kweli inaletaka uso. Basi nimeuona. Toka."

Kavuo aliweka mezani karatasi yenye muhuri wa hakimu. Tamar alivaa miwani, akasoma mpaka kwenye muhuri, akarudi juu, akasoma tena.

"Hii inasema mail moja."

"Moja."

"Ukichungulia ya pili, nazimisha machine. Batu banaleta siri zao hapa. Pasteur analeta, mwenye anaachana na bibi yake analeta. Siku nitaanza kuonesha police, nitakula nini? Hizi karton?"

"Moja, mama."

Lakini kisanduku cha Vagheni kilikuwa kitupu. Kavuo alikiona wakati mmoja na Sadrack.

"Papier za Vagheni ziko wapi?"

"Mutu wake alipita asubuhi, akabeba."

"Muone!" Sadrack aliruka. "Alishabeba! Alishasoma!"

"Alibeba nini?" Kavuo alimuuliza Tamar, bila kumtazama kijana.

"Za lundi. Ni zile tu zilikuwa mu kasanduku." Tamar alimpima Sadrack kutoka viatuni mpaka kwenye kola. "Jana ilikuwa ville morte. Weye ulikuwa wapi? Beni muzima ilifungwa, juu ya kulilia bale bauaji baliua mu vijiji. Hata mwenye kuuza mikate hakutosha meza. Nifungue miye nipigwe mawe? Na leo groupe inakataa kuwaka tangu asubuhi. Ni sasa hivi imewaka, mukiingia."

"Fungua basi," Kavuo alisema.

Tamar aliwageuzia mgongo wake mpana, akaandika neno la siri kwa kuuficha mkono kwa mkono mwingine, kisha akasogeza kiti. Orodha ilijitokeza. Barua za Jumatatu zilikuwa kwa herufi nyembamba. Juu yao zilikuwa mbili kwa herufi nene: ushahidi, na juu ya ushahidi, ile kelele ya Sadrack ya kutaka kuurudisha.

"Nene ni ile haijafunguliwa," Tamar alisema.

Kavuo aliinama karibu na kioo. "Nani mwengine anajua mot de passe?"

"Hakuna."

"Vagheni mwenyewe?"

"Vagheni?" Tamar alicheka kwa mara ya kwanza, na hakikuwa kicheko cha kumkaribisha mtu. "Ile mutu anafinyaka simu kama anaua chawa. Alinipatia box yake miaka mingi sasa. Siku moja nilitaka kumufundisha, akanambia, mama Tamar, miye ni mutu wa mizani, hapana wa vidudu."

"Onesha fasi inaandikaka nani aliingia ndani ya box, na kwa machine gani."

Tamar alinung'unika, akatafuta, akapata. Mashine moja tu ndiyo iliyokuwa imefungua sanduku lile, hii hapa, na mara ya mwisho kabla ya dakika hii ilikuwa Jumatatu. Kavuo aliomba pia kuona mahali panapohifadhiwa vitu vilivyoshushwa. Hapakuwa na ushahidi wowote.

Aliinua kichwa. "Haikusomwa."

"Haiwezekani," Sadrack alisema.

"Nini haiwezekani?"

"Lazima alisoma. Pengine madame alifungua, kiisha akairudisha kuwa nene. Inawezekana, Inspectrice, unafinya tu non lu. Angalia tena."

"Weye mutoto!" Tamar aliinuka. "Unasema miye nadanganya? Jana nilikuwa nimelala na mulango yangu imefungwa, jirani zangu bote banajua!"

"Nasema tu angalia tena. Atakuwa alisoma. Lazima!"

Jasho lilikuwa limetoka kwenye kola ya shati lile jeupe. Tamar alimtazama, akamgeukia Kavuo, na kwa mara ya kwanza alizungumza naye kama mtu.

"Inspectrice, huyu mutu wako analilia nini? Mail yake haikuua mutu. Angeanguka chini aimbe."

Kavuo alipiga picha ya kioo, mara ya kwanza orodha, mara ya pili ule ukurasa wa walioingia.

"Niifute?" Tamar aliuliza.

"Hapana. Ni kielelezo. Ibaki vile iko, hapana fungua, hapana tosha ku papier."

"Na Vagheni akiuliza?"

"Sema police ilikukataza."

"Nitasema ulinitisha."

"Sijakutisha."

"Najua. Lakini nitasema."

*

Orpa alikuwa amefichwa Boikene, mtaa mmoja wa Beni, katika nyumba ya shemasi mmoja mzee wa kanisa lake. Kavuo ndiye aliyepachagua, na gari lililomleta Jumamosi lilikuwa hili hili la ushirika, na dereva huyu huyu.

Walimkuta uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Alipomwona Kavuo hakuacha kazi. Aliongeza kasi ya mikono, na mawe yakaanza kuruka mpaka kwenye viatu vya inspekta.

"Wasingya, mama," Orpa alisema. "Asante sana. Asante kwa ile kazi yako muzuri."

"Mama Orpa, kulikuwa kosa. Lakini nimetoka kuangalia, ile mail..."

"Weye ulinambia nini kule Butembo? Ulinambia, mama, jina yako tunaifungia mu coffre. Nikakuuliza, coffre iko na funguo ngapi? Ukacheka. Unakumbuka ulicheka?"

"Nakumbuka."

"Sasa cheka tena."

Shemasi alitokea mlangoni, akaona nyuso, akarudi ndani. Kavuo alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mama yule.

"Nani alikuambia kuna mail?"

"Mail gani? Miye sijue mail." Orpa aliweka ungo chini. "Jana mutu alikuya hapa. Alikuya na miguu, juu hata pikipiki haikupita barabarani. Alisimama ku lango, akasema, ni hapa kwa Mama Kaswera? Nikanyamaza. Akasema, Mukubwa Vagheni anakusalimia. Anasema ulisahau vitambaa vyako nyekundu kwake, ukuye ubichukue mbele ya jua ya kesho haijatua. Kiisha akatembea polepole, kama mutu anaenda misa."

Jua la kesho hiyo ndilo lililokuwa juu yao wakati ule, na lilikuwa limeshaanza kuegemea magharibi.

Kavuo alibaki amechuchumaa. "Jana. Ville morte. Ulimujua?"

"Sikumujua. Lakini yeye alinijua. Alinijua mpaka ku nyumba!"

Nyuma yao, Sadrack alikuwa ameanza kusogea kuelekea gari. Kavuo alisema bila kugeuka, "Funguo. Nipatie funguo ya gari."

"Inspectrice, nilitaka tu kupima mafuta..."

"Nipatie."

Alimpa. Kavuo aliinuka, akazitia funguo mfukoni, akasimama kati yake na lango.

"Tuhesabu pamoja, Sadrack. Jana Tamar alifunga. Ile mail yako ilikuwa imelala ndani ya machine yenye imezimwa, na mpaka leo iko nene. Sivyo?"

"Ni vile Tamar anasema."

"Ni vile machine inasema. Lakini jana hiyo hiyo mutu wa Vagheni amesimama hapa. Anajua vitambaa. Basi hakujifunza ku mail."

"Pengine batu ba Mabalako balisema."

"Mabalako banajua Orpa ni mushonaji. Habajue kama alisema kwa police. Na habajue Boikene." Kavuo alitoa kwenye mfuko wake nakala ya ushahidi, akaisoma mstari wa kwanza kwa sauti. "Kaswera Orpa, mujane, mukaaji wa Mabalako. Ni weye uliandika. Hata kama Vagheni angeisoma hii mara mia, angetuma mutu Mabalako. Mbona alimutuma huku?"

Sadrack alitazama ukuta.

"Nani alimuleta mama hapa samedi?"

"Ni weye ulisema nimulete!"

"Ni miye. Na hilo nitalijibu miye, mbele ya huyu mama. Sasa jibu lako."

Orpa alikuwa amesimama, maharagwe yamemwagika miguuni mwake.

"Pale kwa Tamar nilikuambia haikusomwa," Kavuo aliendelea, taratibu zaidi. "Mutu mwenye alifanya kosa na akasikia kosa yake haikuumiza mutu, anapumua. Weye ulitaka isomwe. Ulimubishia madame ndani ya nyumba yake. Juu gani? Juu kama Vagheni hakusoma, batu batauliza nani alimwambia. Mail ilikuwa shuka yako ya kujifunika. Ulijua siku moja tutauliza siri ilitokea wapi, basi ukaitoboa tundu weye mwenyewe, ukaita bureau muzima bashuhudie. Kosa ya machine, kila mutu anaisamehe."

"Ni Zorobabel," Sadrack alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Kavuo alilazimika kusogea.

"Zorobabel ni nani?"

"Mudogo yangu. Ni chauffeur kwa Vagheni. Ile camion yenye ilibeba magunia toka Mabalako, ni yeye alikuwa ku volant. Hakujua, Inspectrice, naapa, balimwambia tu, enda upakie. Nilipoandika maneno ya mama, nilifika ku camion, nikaona namba yake." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Dimanche kiisha culte nilienda kwa Vagheni. Nilimwambia, mukubwa, hii maneno itafika tribunal, umutoshe mudogo yangu, umutume hata Luofu kwa bajomba, akalime. Akaniuliza, nani anasema? Nikakataa. Akasema, basi Zorobabel atajibu peke yake. Ni hapo."

"Ni hapo ukaniuzisha," Orpa alisema.

"Mama, sikupokea kitu!"

"Ndiyo kusema uliniuzisha bure." Alimkaribia. Kichwa chake kilifika kwenye kifua cha kijana. "Uko na mudogo moja. Lévi alikuwa na nani? Uliuliza? Ulisali dimanche, kiisha ukaenda kunifungia mu karatasi kama nyama ya muchinjaji. Na jana ukalia mbele ya batu. Machozi hiyo ulitoshaka wapi?"

Kavuo alipiga simu kwa Kamanda Kataliko wa polisi ya Beni, na alipokuja na vijana wake wawili, kijana wa shati jeupe alinyoosha mikono kabla ya kuambiwa. Kavuo alimwambia Kataliko atume mtu wa kumtafuta Zorobabel na lori lake kabla habari hazijafika kwenye depo, na amkamate bila kumpiga, kwa sababu dereva yule huenda ndiye shahidi atakayefuata.

*

"Panda, mama," Kavuo alisema. "Nakurudisha Butembo. Nitakuweka kwangu, ndani ya chumba changu."

"Ile mail inaweza kurudi?" Orpa aliuliza.

"Mail iko fasi yake, hakuna mwenye ataisoma. Lakini ile Sadrack alisema na kinywa, hiyo hairudi."

"Basi sipandi."

"Mama Orpa, jua iko inashuka."

"Naona. Niko na macho yangu miye." Alikung'uta kitenge chake. "Nilitoka Mabalako, nikakuja Boikene. Nitoke Boikene, nije kwako. Kwako nitatoka niende wapi? Uganda? Sikiliza, mutoto yangu. Sasa hivi Vagheni anajua, na batu bake. Miye nikikufa leo, batu batasema nini? Batasema, bauaji balipita, maskini mujane. Hakuna mwenye atajua ni juu ya nini. Si ndiyo?"

Kavuo alifungua mlango wa gari.

"Jibu! Weye ulisoma."

"Ndiyo, mama."

"Sasa hivi ni saa ya mizani pale kwake. Balimaji bako bengi. Nipeleke."

"Siwezi. Sheria inasema shahidi..."

"Sheria yako ilinificha fasi gani?" Orpa alisema. "Nipeleke ao nitaenda na miguu."

Kataliko alimtazama Kavuo. Kavuo aliwasha gari.

Depo ya Vagheni ilikuwa kwenye barabara ya Mavivi, ua mpana wenye paa la mabati, na harufu ya kakao iliyochachuka ilifika barabarani. Wakulima walikuwa wamejaa, wengine wameketi juu ya magunia yao, wengine wakibishana na mpimaji. Kataliko na kijana wake mmoja walisimama langoni; wa pili alibaki garini akimlinda Sadrack. Vagheni alitoka kwenye kivuli. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye koti safi na mikono ambayo haikuwahi kuwa na haraka.

"Mama Kaswera," alisema, akitabasamu. "Na jua hii yote, umetoka Boikene mpaka huku! Mumupatie kiti."

"Nani alikuambia natokea Boikene, papa?" Orpa aliuliza.

Tabasamu halikuondoka, ila lilisimama. Kavuo, hatua moja nyuma ya mama, aliandika maneno yale kama yalivyotoka.

Orpa hakuchukua kiti. Alipanda juu ya sahani ya mizani, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichoinuka katika ua ule, na mshale ukatetemeka.

"Miye ni Kaswera Orpa, wa Mabalako," alisema. "Ni miye nilisema kwa police."

"Mama, shuka, tunapima!" mtu alipiga kelele.

"Unatuharibia bei!" mwingine alidakia. "Akifunga leo, tutauzisha nani?"

"Nilishona magunia ya pale Lévi alikuwa analinda, na kitenge nyekundu. Lévi akauawa. Magunia yangu niliyaona pale." Alinyoosha mkono kwenye ukuta wa ndani. "Jana huyu papa alinitumia mutu, akasema nikuye kuchukua vitambaa mbele ya jua haijatua. Nimekuya. Kama mutasikia nimekufa, ni juu ya hii. Si juu ya ingine."

"Wazimu," Vagheni alisema, kwa upole ule ule. Aliwatazama vijana wake. Walikuwa watatu, na walianza kusogea kando ya ukuta.

Lakini ua ulikuwa umejaa, na hakuna mkulima aliyewapisha. Haikuwa kwa ushujaa; walikuwa wamesimama tu, magunia miguuni, shingo zimenyooshwa, wanataka kusikia. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliinuka kutoka juu ya gunia lake.

"Lévi gani?" aliuliza. "Lévi wa kwa Ézéchias?"

"Huyo huyo," Orpa alisema.

"Mutoto ya dada yangu," mzee alisema, si kwa yeyote hasa. Alilishika gunia lake kwa pembe, akalivuta kutoka kwenye mstari wa mizani. Sauti yake ya kuburuzika juu ya simenti ilisikika mpaka langoni. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alilitazama gunia la mzee, akalitazama lake.

"Anasema nini?" waliuliza wa barabarani, wakisukumana. "Nani? Nani amekufa?"

Vagheni aliinua mkono. "Mufunge. Leo tumemaliza. Inspectrice, unajua sheria, mutoshe huyu mama inje ya parcelle yangu."

Kavuo alipita mbele. Siku nzima alikuwa amekimbiza jina lile ili alizuie lisifike kwa mtu mmoja. Aliwatazama watu waliokuwa wakijaa langoni, kisha akamgeukia mjane aliyesimama juu ya mizani.

"Rudilia, mama," alisema. "Jina yako yote. Bale ba nyuma habakusikia."